Kwa Fundi Spika, aliyeniamsha nyimbo zikianza

Mwaka umekatika, Baba Watoto, tangu utuage. Walituambia tutazoea. Tumezoea kuchoka tu.

Ulikuwa fundi wa redio na spika, na mtaa mzima ukakupa jina hilo. Mtu akikuletea redio iliyokwisha kazi, ulimpa kiti, ukaifungua, ukaipuliza vumbi, ukamwambia, "Iache kwangu, ipumzike kidogo." Hukuwa na roho ya kumwambia mtu redio yake imekufa. Kaka yako alikutania kwamba ile si karakana, ni wodi. Ulicheka, ukaendelea kuchomelea nyaya.

Na filamu zako! Wenzako walitaka ngumi na risasi, wewe ulitaka za wanamuziki: bendi inayofanyia mazoezi stoo, mwimbaji anayepanda jukwaani kwa mara ya kwanza. Kila Jumamosi jioni ulizima taa ya sebuleni, ukaunganisha spika zako kubwa, tukabanana kwenye kochi.

Mimi nilikuwa nimetoka kazini, kufua mashuka ya hospitali. Nilisinzia hata majina ya waigizaji hayajaisha. Hukuninunia. Wimbo ukianza, ulinigusa bega: "Mama Watoto, amka, wanaimba." Nilisikiliza, nikatabasamu, nikarudi usingizini. Maisha yote ya ndoa yetu nimetazama nyimbo tu, nikidhani filamu zako ni za furaha mwanzo mwisho.

Msibani sikulia. Wenye midomo wakasema walichosema. Machozi yaligoma, na usingizi nao ukaniruka, mimi niliyekuwa nasinzia hata nikiwa nimesimama.

Mwezi uliopita binti yetu mkubwa aliniweka kwenye kochi, akaiwasha ile filamu uliyoipenda kuliko zote, ya mpiga ngoma. "Labda utasinzia kama zamani, Mama." Sikusinzia. Nikayaona yote yaliyo kati ya nyimbo: ugomvi, ulevi, kitanda cha hospitali. Kumbe yule mpiga ngoma anakufa! Wenzake wanamfuata mjane nyumbani, wanampigia muziki pale pale sebuleni, ngoma za mumewe zikiwa kando bila mtu. Wanapiga polepole, na kila inapofika zamu ya ngoma zake wananyamaza.

Ulijua, mume wangu. Miaka yote hiyo uliniamsha kwenye raha, majonzi ukayatazama peke yako.

Nililia kilio cha mwaka mzima, mpaka kitindamimba wetu akashika rimoti.

"Nizime, Mama?"

"Usizime. Iache imalizike."

Ikamalizika. Nilikuwa hoi, lakini kifua kilikuwa chepesi kidogo.

Unakumbukwa na kaka yako, anayefungua karakana kila asubuhi na kuwaomba wateja wavumilie. Na binti zako wote wawili, na mkweo, na wajukuu wanaogombania stuli yako. Na mimi mkeo.

Hatutakusahau kamwe. Lala tu, Baba Watoto. Sasa natazama mimi.