Mwaka Mmoja Bila Mama Rudia

Mwaka umekatika, Mama, tangu ututoke, na bado watu wanagonga geti wakiuliza kama hapa ndipo kwa Mama Rudia. Wengine hawana habari. Inabidi tuwaambie pale pale getini, na kila tukisema tunaumia upya kana kwamba ndiyo kwanza tumetoka hospitali.

Mimi mkubwa wako ndiye niliyeshika kalamu. Wengine wamenizunguka mezani, wanasema, naandika. Baba ameshanisahihisha mara mbili na hata hatujafika popote.

Kwa miaka ishirini na sita ulikuwa mhudumu wa gari la wagonjwa. Uliingia ukiwa binti mwembamba, madereva wakakuuliza kama kweli utaweza kunyanyua machela. Magoti yako yalichakaa kwa kupigwa kwenye lami kando ya majeruhi, ndiyo maana Baba, fundi viatu, alikushonea vipande vya ngozi kwenye magoti ya suruali zako zote za kazi. Wenzako walikucheka wiki nzima. Wiki iliyofuata wakaanza kumletea Baba suruali zao.

Ulikunywa chai ikiwa imepoa, kwa mazoea ya kuitwa katikati ya kikombe. Hukulala upande wa ukutani hata siku moja. Ukiingia nyumba ya watu, kabla ya kuketi ulikuwa umeshajua mlango wa nyuma uko wapi na nani pale ndani anapumua vibaya.

Tungeweza kuishia hapo, tukaandika kwamba ulikuwa mwema na kila mtu alikupenda. Lakini ulituonya mapema. "Siku nikifa msinipambe," ulisema. "Semeni na lile la kiwanda cha mbao. Msipolisema, hamjanisema mimi."

Basi tunalisema.

Ni miaka minane sasa. Katika kazi yenu leseni haihuishwi mpaka mtu awe na saa za mafunzo, lakini kituoni kwenu saa hizo zilikuwa za kwenye karatasi. Daftari la mahudhurio linapitishwa, watu wanasaini, kufika saa nne asubuhi mwezeshaji anazungumza na viti. Siku ya semina moja nawe ulisaini, ukaondoka. Kitindamimba wetu alikuwa anasoma risala mbele ya shule nzima. Ulifika na sare yako, ukakaa mstari wa mbele, ukapiga makofi kabla hajamaliza.

Wiki tatu baadaye mliitwa kiwanda cha mbao. Msumeno ulikuwa umemkata fundi mmoja pajani, na damu inaruka. Ulifanya kama ulivyofundishwa ulipoanza kazi: ukakandamiza kwa mikono miwili, ukaongeza bandeji juu ya bandeji, ukampigia kelele Dereva akanyage mafuta. Fundi yule alikushika mkono wa shati, akakuuliza, "Dada, nitafika?"

"Utafika," ukamwambia.

Hakufika.

Mlipokuwa mnaosha gari ulifungua mfuko wa pembeni wa begi la kazi. Mkanda wa kubania mguu, ule wa kukaza kwa kijiti, ulikuwa umo ndani ya nailoni yake, haujaguswa. Kila gari lilipewa mmoja siku ya semina. Miaka yote mlikuwa mmeambiwa mkanda ni hatua ya mwisho kabisa, kwamba mgonjwa ataupoteza mguu. Semina ile ndiyo iliyobadilisha mambo: damu ikiruka hivyo, funga kwanza, kaza mpaka ikome, andika saa. Ni kazi ya dakika moja. Hukuijua, na saini yako ilikuwa inasema unaijua.

Dereva, mwenzako wa miaka kumi na moja, alikuona umeduwaa na ule mkanda mkononi.

"Uweke, Dada," akasema. "Yule hata daktari asingemuweza. Nani atajua?"

"Mimi nimeshajua."

Ukaandika maelezo ya kurasa mbili ukampelekea mkuu wa kituo. Alisoma, akafunga mlango. "Unajua unachokifanya?" akakuuliza. "Ukisema wewe hukuwepo, wataniuliza na wengine walikuwa wapi. Unataka tuzame wote?" Ulimwambia hujaja kumzamisha mtu, umekuja kusema ulikuwa wapi. Ukasimamishwa kazi miezi sita. Wenzako waliosaini kama wewe, wakaponea chupuchupu, waliacha kukusalimia. Sokoni walikuwa wakikuona wanageukia vitunguu.

Kisha ukaenda kwa mjane wa fundi. Hakuna aliyekutuma. Baba alikusindikiza, ukamwomba abaki barazani, naye akasikia yote kupitia pazia. Ulimweleza yule mama kuhusu semina, saini na mkanda. Hukumficha kitu.

"Kwa hiyo angeishi?" akakuuliza.

"Sijui. Pengine. Angekuwa na nafasi, na mimi sikumpa."

"Toka nyumbani kwangu," akasema.

Ukatoka. Baba anasema njiani hukutokwa na chozi. Ulilia ulipofika, unavua viatu, na kiatu cha pili hukukivua mpaka jioni.

Miezi ile sita hukukaa bure. Ukiwa na miaka arobaini na sita ulijiandikisha chuoni upya, darasa moja na vijana wanaolingana nami. Ulikaa mbele na miwani yako, ukiuliza maswali mpaka wakakuchoka. Mtihani wa kwanza ulifeli. Ulirudi nyumbani, ukaweka karatasi mezani, ukasema, "Nimekula sifuri yenye heshima zake," ukacheka peke yako, kisha ukafungua kitabu. Wa pili ulifaulu.

Uliporudi kazini uliomba stoo ya magodoro mabovu, ukaisafisha kwa mikono yako. Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana ulifundisha humo, kwa sanamu moja ya mazoezi iliyovunjika shingo na mabaki ya ngozi ya Baba. Daftari ulilikalia. Hakuna aliyesaini kabla mikono yake haijatenda mbele ya macho yako.

"Mama, nimeweza," mtu anasema.

"Umeweza mara moja. Rudia."

"Mama, mara ya tano hii!"

"Mgonjwa wako hajakuhesabia. Rudia."

Ndiyo maana wakakuita Mama Rudia, kwanza kwa kukukejeli, baadaye kwa mapenzi. Nasi nyumbani hatukupona. Baba anasema niandike kwamba amekufa sebuleni mwake mara zisizo na idadi na kila mara alifufuliwa chai ikiwa imeshapoa. Mkwe wako, mume wangu, siku ya kwanza alipokuja kujitambulisha alirudi kwao amefungwa bandeji mkono mzima. Kwao walidhani amepigwa.

Presha yako mwenyewe ulikuwa unaipima ukikumbuka. Hilo nalo tunalisema, maana tumelikasirikia mwaka mzima.

Jumapili ile asubuhi ulikuwa unapiga pasi sare. Ukasema jambo na halikueleweka. Mkwe wako alicheka, akidhani unamwigiza mtu. Kitindamimba ndiye aliyekuona mdomo umelegea upande mmoja. Alitazama saa ya ukutani kabla ya kukugusa, akaandika saa mbili na dakika kumi na mbili kiganjani, kisha akapiga simu. Akakwambia unyanyue mikono yote miwili. Ulinyanyua mmoja. Ulimtazama, Mama, na tuliona wote kwamba unajua.

Gari lilifika baada ya dakika tisa. Aliyeshuka wa kwanza alikuwa yule kijana wenu mnayemwita Mrefu, aliyekaa kwenye stoo yako miaka minne. Alianza vizuri: akakulaza, akapima, akauliza maswali kwa mpangilio. Alipofika pa kukuuliza jina lako, sauti ikamkatika. Akabaki amepiga magoti.

Ukamwambia, kwa ule upande wa mdomo uliobaki, "Rudia."

Akavuta pumzi, akaanza tena kutoka mwanzo. Hilo ndilo neno lako la mwisho tulilolisikia.

Uliondoka siku ya nne, saa tano asubuhi. Daktari alituita pembeni. Aliuliza nani aliandika ile saa, kitindamimba akanyoosha kiganja ambacho alikuwa hajakiosha. "Mmefanya kila kitu sawasawa," daktari akasema. "Nyumbani, garini, kote. Mshipa mkubwa ulipasuka. Hapakuwa na la kufanya."

"Kama tulifanya sawasawa," kitindamimba akauliza, "mbona amekufa?"

Bado hatujamjibu.

Siku ya mazishi yule mjane wa fundi alikuja. Miaka saba ilikuwa imepita bila salamu. Baba alimtambua, akaenda kumlaki, naye akamzuia kwa mkono.

"Sikuja kumsamehe," akasema. "Yeye alikuja kwangu hakuna aliyemlazimisha. Na mimi nimekuja."

Akakaa kiti cha nyuma kabisa mpaka mwisho, akaondoka bila kuaga.

Tungependa kukwambia kwamba kazi yako inaendelea. Uongo hukuupenda. Mwezi wa tatu baada yako stoo ilijazwa matairi. Sanamu tuliikuta nje, inanyeshewa. Mwezi wa saba daftari likaanza tena kupitishwa kwenye korido, watu wanasaini wamesimama, kalamu moja inazunguka. Tulimwandikia mkuu mpya wa kituo. Alijibu kwa adabu kwamba wahudumu sasa watapewa kipeperushi, wakisome kwa nafasi yao, kisha wasaini.

Mrefu amekataa kusaini. Walipomwekea daftari mbele alisema, "Sikufundishwa kitu leo. Nasaini nini?" Akapewa onyo la maandishi. Wiki iliyofuata wakamletea tena, akakataa tena. Sasa ameitwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa kukaidi agizo. Ana mke na watoto wawili wadogo. Alikuja hapa juzi, akakaa kwenye kiti chako bila kujua ni chako, akamuuliza Baba, "Mzee, nisaini tu yaishe?"

Baba aliweka sindano chini. "Mwanangu, siwezi kukuamulia," akasema. "Mke wangu ilimgharimu, na sikuwahi kuona kama alijutia. Lakini wewe una wadogo nyumbani."

Mrefu aliinuka akaaga. Jana ametuma ujumbe: hasaini.

Kikao chake ni Alhamisi, siku ile ile unapotimiza mwaka. Kwa hiyo hatutakuja kaburini asubuhi, Mama, usituone tumekusahau. Tutakuwa kwenye benchi nje ya mlango wa kamati, sote, pamoja na mkewe. Dereva, aliyestaafu na anayetembea kwa mkongojo, ameomba aingie kutoa ushahidi wa siku ile ya kiwanda cha mbao. Hatujui kama watamruhusu. Hatujui kama Mrefu atatoka na kazi yake. Tukishajua tutakuja kukwambia, hata kama ni baya.

Unakumbukwa na mumeo, fundi viatu, ambaye bado analala upande wa ukutani. Na mimi mkubwa wako na mume wangu. Na kaka yetu wa kati aliye mbali, anayepiga simu kila Jumapili asubuhi bila kusema kwa nini. Na kitindamimba wako. Na dada yako na wifi zako. Na wajukuu wawili, mmoja wao hukumwona. Na Dereva, ambaye tumemhesabu kuwa mjomba.

Hatutakusahau, Mama, leo wala siku yoyote tutakayojaliwa kuiona.