Jembe Halitumwi kwa Simu

Mkongeni, 4 Machi 2024

Mwanangu Castory,

Tumsifu Yesu Kristo. U mzima? Ruthi mkeo, ule mgongo wake je? Sie tuko, magoti ndo hayo. Anaandika Devota fundi cherehani, kwa simu yake, maana wewe ukipigiwa hupokei. Mvua imegusa, watu washapanda, ila panya wanafukua mbegu kama wamelipwa. Na paka nilomchukua kwa Bimdogo kazi yake kulala, mvivu kama babu'ko Abrahamu... aah Devota, usicheke, andika.

Mzee Hosea amefariki. Yule alochimba kaburi la baba'ko, mvua inanyesha, maji yanajaa, yeye yumo mle mle anayachota kwa ndoo. Anazikwa kesho kutwa. Njoo, mwanangu. Misiba yote hii hujatia mguu, na hapa Mkongeni asiyezika hazikwi. Bombani washaanza: "Mama Castory, mwanao jembe linamng'ata?" Nacheka nao, lakini mimi ndo mzee, mimi ndo wa kuzikwa hapa. Njoo, hata uchimbe kidogo urudi zako.

Mama yako

Chumbageni, 5 Machi 2024

Shikamoo mama,

Natumai hujambo, sisi wazima, mgongo wa Ruthi una nafuu. Poleni kwa msiba. Kazini hawaniruhusu, maana marehemu si ndugu. Nimetuma rambirambi kwa simu ya Devota, na kidogo cha juu umpe kibarua achimbe kwa niaba yangu. Haya mambo ya kususiana ni ushamba, mama. Usiyaweke moyoni.

Mwanao, Castory

Mkongeni, 19 Mei 2024

Castory,

Hali yako sikuulizi.

Kibarua nilimpeleka, kama ulivyosema. Idarusi wa kamati ya mazishi akamnyang'anya jembe mbele ya jeneza. "Unafikiri hapa tunalima shamba la mtu?" Rambirambi yako wakanirudishia pale pale, watu wote wanatazama. Tangu siku ile nikipiga hodi, kimya. Homa imenilaza, hakuna alokuja ila Devota, naye kwa mlango wa uani. Mahindi yakamezwa na magugu, nayaona dirishani, siwezi kuinuka. Na yalikuwa mazuri, mahindi yale.

Jumapili iliyopita nikajikongoja mpaka kwenye mkutano wa kijiji. Devota hataki kuandika hapa. Andika! Nikasimama, nikasema mimi sina mtoto. Nikasema Castory alikwisha kufa, moyoni mwangu nishamzika, nilichimba mwenyewe. Idarusi akavua kofia, akasema, "Pole kwa msiba, mama."

Basi wakaja, jamani. Wakanikalia matanga yako. Uji wakapika, maji wakateka, na jana wamepalilia shamba lote huku wanaimba. Nilikuwa nimesahau sauti zao.

Kwa hiyo nikifa utasikia tu. Usije. Wakikuona, wataweka majembe chini.

Mama yako, ila usimwambie mtu