Habu za Nyuma za Gari la Masanja

Gari haliuzwi tena, Masanja. Kaka Ngassa amesema mwenyewe, kwa mdomo wake, uani kwangu hapa Nyegezi, majirani wakisikia. Na zile habu za nyuma za alumini, vitovu vya kushikia tairi, ulizokuwa ukiziota usiku na mchana zimekaa mahali pake, tairi zimefungwa juu yake na zinazunguka. Aliyezichonga ni Kabula wangu. Nakuandikia taratibu ili uelewe vizuri: Kabula wangu, binti huyohuyo uliyekuwa unamwita Spana.

Haya, sasa nishushe pumzi nikusalimu. Ungekuwepo ungesema shikamoo dada huku unacheka, nami ningeitikia huku naangalia kama umenawa mikono kabla ya kugusa chakula changu. Marahaba, mdogo wangu. Sisi wazima. Presha yangu imetulia. Mvua zilitusumbua mwanzoni, lakini mpunga wa Misungwi umekubali.

Nianzie pale ulipotuacha. Tulipomaliza kukuzika pale nyumbani Misungwi, ubavuni kwa mama, tulikaa kikao cha ukoo. Wewe hukuoa, ulisema gari halinuni, basi hapakuwa na mjane wa kuulizwa. Kaka Ngassa unamjua, kitu kisichokuwa na kwato kwake si mali. Akasema gari liuzwe, limekaa juu ya mawe bila tairi za nyuma na kuku wameanza kutagia ndani. Wote wakaitikia kwa kichwa. Nikasimama mimi, darasa la saba wa kwenu, nikawaambia gari hilo si bovu, limefunguliwa. Masanja alilifungua nyuma ili abadilishe habu, ugonjwa ukamkuta katikati ya kazi. Mwacheni Kabula amalizie.

Kaka akanitazama sana. Akasema, "Sawa, Mama Kabula. Mpunga ukiingia ghalani na gari bado liko juu ya mawe, nakuja na mnunuzi."

Nilitoka pale nimebana kiuno kama mshindi, lakini Masanja, moyoni nilikuwa naogopa. Mimi alumini naijua. Sufuria yangu ya ugali ni alumini, imebonyea kila upande, na kitako chake kinacheza jikoni kama mlevi. Nilipovivuta vile vipande viwili vya duara vya alumini chini ya kitanda chako, ulivyovizungushia shati lako, nilinyanyua kimoja kwa mkono mmoja bila kuguna. Kisha nikanyanyua habu ya zamani ya chuma. Ile nusura initegue kiganja. Nikamuuliza Kabula, kitu chepesi hivi ndicho kitashika tairi mkikimbizana na vumbi huko kwenye mashindano ya magari? Akanijibu kwa upole kwamba sufuria yangu ni alumini ya kuyeyusha na kumimina, tena nyembamba, na hii imefuliwa na kugandamizwa kwa kazi nzito. Nikaitikia kama nimeelewa.

Kilichonituliza ni maneno yako wewe. Unakumbuka siku ile jarubani, matope ya magoti, mimi nina ndoo kichwani nakusema? Nilikuwa nakusema kwamba unahangaika na kupunguza uzito wa kitu ambacho hata mtu akiinama hakioni. Ukaniambia, "Dada, hiyo ndoo kichwani umeizoea, utafika nayo. Tope lililoganda kwenye viatu ndilo linalokuchosha, maana unalinyanyua kila hatua." Ukasema gari nalo ni hivyo hivyo, mzigo ulio juu ya springi linaubeba tu, ila uzito wa kule kwenye tairi unarushwa na kila shimo na kila jiwe. Mimi nikakujibu nisaidie ndoo basi, fundi. Hukunisaidia. Lakini nilielewa siku ile, sikutaka tu ujue.

Basi Kabula akaanza. Yule bosi wake wa karakana ya injini za boti, kule ufukweni, alimruhusu kutumia mashine ya kukereza kila Jumapili baada ya misa. Siku nyingine ni mashine ya watu, anachonga shafti za mitumbwi. Nilikuwa nampelekea chakula, nakaa juu ya kreti namtazama. Anapima, anakata kidogo, anasimamisha, anapima tena. Mwenzako nilitaka kumwambia kata mama, mpunga unaiva, lakini nikaunyamazisha mdomo. Vipande vilivyokuwa vinatoka ni vyeupe, vimejikunja, vinang'aa. Nimebeba kimoja kwenye pochi. Kila mwanamke pale sokoni kwenye dagaa amekiona. Wale waliokuwa wanasema msichana gani anashinda na grisi, sasa wananiuliza kama ana mchumba. Nimewaambia foleni inaanzia Igoma.

Habu zikakamilika, akaingiza beringi, ikafika siku ya kufunga. Na siku hiyohiyo ndiyo Kaka Ngassa akatokea, na gunia la mchele mpya begani. Maana yake niliielewa kabla hajalitua. Mpunga umeingia ghalani.

Gari lilikuwa bado juu ya mawe. Kabula alikuwa amevaa lile shati lako, mikono ameikunja. Kaka alisimama anamtazama mgongo. Halafu akaja upande wa pili, akaokota spana, akasema, "Ngoja nikaze boliti moja mimi, kwa ajili ya mdogo wangu."

Sasa Masanja, wewe ulikuwa unakazaje? Ulikuwa unapanda juu ya spana, unarukaruka, unaimba. Watoto wa mtaa mzima walikuwa wanakuja kukutazama. Kaka naye aliwahi kukuona, na hicho ndicho alichokumbuka. Akapanda na mwili wake wote ule. Chuma kilikuwa kinakuvumilia. Alumini haikuvumilia. Ulisikika mlio mdogo tu, kama mtu amevunja muwa, spana ikazunguka bure na kaka akashuka chini kwa kishindo. Uzi wa tundu lile la habu, ile mikato inayoshika boliti, ulikuwa umekufa, umetoka na boliti.

Mimi nilijua limeisha. Mpunga uko ndani, gari liko juu ya mawe, na habu imekufa. Nilikuwa na maneno mabaya mdomoni, Masanja, maneno ya kumwambia kaka mkubwa mbele za watu na nisiweze kuyarudisha. Kaka alikuwa anautazama mguu wake. Akauliza kwa sauti ndogo, "Nimeiua?"

Kabula akafuta mikono. Unajua kwetu mjomba na mpwa wana utani wao, mpwa ana haki ambazo sisi wengine hatuna. Akamwendea, akamvua kofia, ile kofia yake ya mnadani asiyoivua hata kanisani mpaka akumbushwe, akaivaa yeye.

"Umevunja, mjomba, kwa hiyo faini," akasema. "Gari haliuzwi. Na siku likitembea, unakaa mbele na mimi."

"Rudisha kofia yangu kwanza."

Hakurudisha. Akamkazia macho tu, na shati lako mwilini, na kofia imemfunika masikio. Kaka akasema, "Haliuzwi." Kisha akakaa kwenye gunia la mchele akalia. Kwenye mazishi yako hakulia, alikuwa anahangaika na ng'ombe wa kuchinja na wapi wageni watalala. Alikulilia siku ile, uani kwangu, kwa sababu ya tundu moja la boliti. Nikaenda kumchotea maji ya kunawa. Yale maneno yangu niliyameza, na nashukuru niliyameza.

Kabula aliirudisha habu karakanani. Akalipanua lile tundu, akaingiza bushi, kibomba kifupi cha chuma chenye uzi wake. Akasema kama tundu moja limeonyesha udhaifu, mengine nayo yanangoja zamu yao, akayafanyia yote, habu zote mbili. Uzito umeongezeka kidogo sana, nimenyanyua mwenyewe, bado ni nyepesi. Kuhusu kukaza, ameazima spana inayopima nguvu. Ukifika kiasi chake inasema ka, unaacha. Miguu amepiga marufuku. Boliti moja nimekaza mimi mama yake, ikasema ka, nikaacha. Usicheke.

Lakini nikuambie kweli. Spana iliposema ka, nilisikia uchungu. Nilikuwa nangoja mtu apande juu yake aimbe. Gari lako limetengemaa, na ule mchezo wako haumo tena, wala haurudi. Nilikaa na wazo hilo jioni nzima. Kabula alikuja akakaa karibu yangu.

Wameenda nalo Misungwi na kurudi. Kaka Ngassa alikaa mbele kama faini ilivyotaka, kichwa wazi, amekamata mlango kwa mikono miwili. Aliporudi akasema nyuma hairuki tena kama mbuzi kwenye barabara ya mawe, tairi inashika ardhi. Akasema, "Masanja alikuwa na akili." Nikamwambia usiniambie mimi, nenda kamwambie mwenyewe. Kwa hiyo anakuja kukuambia.

Mimi nilikukatalia kupanda gari hilo kila sikukuu. Sasa nakuahidi, nitakaa mbele, mkanda nimefunga, na macho sifumbi mpaka Misungwi. Tunakuja kukujengea kaburi. Simenti iko tayari, na habu moja ya zamani nimeisugua kwa mchanga mpaka imeng'aa, tutaiweka kichwani pako, mshumaa utakaa vizuri katikati.

Pumzika, mdogo wangu. Ekzosi, lile bomba la moshi, Kabula alitaka kuipunguza kelele, nikamkataza, ili utusikie tangu barabarani. Ukoo mzima unakuja, siku ya Nanenane.

Dada yako,
Mama Kabula