Usiipangishe Nyumba ya Bibi

Cachoeira, Bahia
2 Julai

Mpendwa Mama Mdogo Dinalva,

Shikamoo. U hali gani huko São Paulo, na kifua kinaendeleaje na baridi ya mwezi huu? Baba Mdogo je, goti limemwachia? Naomba majibu ya kweli, maana unajua salamu zinanishinda. Mtu akiniuliza "hujambo?" na jambo ninalo, ulimi unakataa kusema "sijambo". Leo jambo ninalo, ila dogo: kiuno kinauma kiasi, macho yana umanjano, chakula nimekula. Ndiyo afya yangu hiyo.

Bibi alilijua hilo. Hakuwahi kunisalimu kama watu wengine. Asubuhi alisimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa, akauliza, "Luci, mwili unasemaje?" Nami nilimwambia unavyosema, kiungo kwa kiungo, naye alisikiliza mpaka mwisho, kahawa ikipoa. Tangu afariki hakuna aliyeniuliza hivyo. Namkumbuka mno, Mama Mdogo. Siku nyingine namjibu tu, niko peke yangu jikoni.

Sikukuu ya Mtakatifu Yohana imepita. Unakumbuka alivyokuwa akifanya? Mtaa mzima unawasha mioto mikubwa milangoni na kurusha fataki, yeye anaziba madirisha kwa mablanketi, kisha ananiwashia kamoto kadogo uani, kasikopiga kelele. Majirani walipomcheka alisema, "Mtakatifu si kiziwi, hahitaji mizinga." Mwaka ule ulipokuja tulikaa hapo tukila mahindi mabichi yaliyosagwa na nazi, yamefungwa kwenye majani yake, yanaunguza vidole. Ukanishika mkono tukauzunguka moto, kama ilivyo desturi ya sikukuu hiyo, ukawa mama yangu wa ubatizo wa moto. Wengi hufanya hivyo kwa mchezo. Mimi sikuambiwa kwamba ni mchezo, na Bibi alikataa katakata kuniambia.

Mwaka huu kamoto nilikawasha mwenyewe. Giza lilipoanza kuingia miguu ikanibana, na selimundu hii ya damu yangu ikishabana huwa haiombi samahani. Mjomba Valdir alikuwa uwanjani anacheza ngoma. Unajua maumivu yakizidi maneno yananikimbia: nasikia kila kitu, sauti haitoki. Ndivyo usonji wangu ulivyo. Basi nikafanya alivyonifundisha Bibi. Nikameza dawa, nikanywa maji mengi, nikajikanda kwa kitambaa cha maji ya moto, halafu nikatundika dirishani kile kitambaa cha meza cha njano. Mama Edelzuita wa ng'ambo ya barabara, yule aliyekuwa kondakta wa basi, alikiona akaja. Hakuuliza kitu. Alinivalisha viatu tukaenda.

Hospitali muuguzi akamuuliza yeye, kana kwamba mimi ni mzigo wake: "Huyu anaumwa wapi?"

"Muulize mwenyewe," Mama Edelzuita akamwambia. "Kilichofungika ni kinywa. Masikio yako wazi."

Muuguzi aliniuliza, nikamwonyesha kwa kidole. Alikuwa mtu mwema, ni vile tu hakuwa amefikiri.

Baadaye Mjomba akafika, kofia ya majani kichwani, ananuka pombe ya matunda. "Unaona sasa, Luci? Ndiyo maana nasema pale nyumbani pamekushinda."

"Unaona nini wewe, Valdir?" Mama Edelzuita akamdaka. "Mtoto kaumwa, kaita, nimekuja. Aliyekuwa hajulikani alipo ni wewe."

"Nilikuwa nacheza kidogo tu, dada."

"Nani kakukataza? Cheza, baba. Ila usitoke huko umelewa ukaja kutuamulia mambo."

Watu wote kwenye benchi walicheka. Mimi sikucheka kwa sababu mbavu zilikuwa zinauma. Mjomba akakaa sakafuni karibu na kitanda changu, akalia. Alisema Bibi alimkabidhi mimi, na anaogopa siku moja atafungua mlango anikute nimekufa. Simchukii kwa hilo. Woga huo hata mimi ninao.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Ameniambia umeshanitandikia kitanda na umepaka chumba rangi, na kwamba ukikubali tu, Agosti nyumba hii inapangishwa na mimi napandishwa basi kuja kwako. Anasema wewe ndiye dada yake, utakalosema atalifuata.

Asante kwa chumba. Nililia niliposikia umekipaka rangi, maana hukuniuliza rangi na bado ukachagua ya kijani. Lakini sitaki kuja. Ningeweza kusingizia baridi ya huko, nayo kweli ni adui wa damu yangu, ila ningekuwa nakudanganya. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe siliwezi, kwa hiyo kwako nitakuwa mgeni mpaka mwisho, nawe utanihurumia kila asubuhi. Kwako nitakuwa mgonjwa uliyempokea. Hapa mimi ni mwenye nyumba, ila naumwa.

Sisemi naweza peke yangu. Hakuna anayeweza, hata Mjomba bado anafuliwa nguo. Mama Edelzuita amekubali kulitazama dirisha, na Mjomba apite kila asubuhi akienda kazini, anywe kahawa, aone kama niko hai. Hilo nimemwambia, akasema ataona. "Nitaona" yake unaijua, inangoja mtu wa kuisukuma.

Nisalimie Baba Mdogo na binti yako Jaciara. Mama Edelzuita anakusalimu sana, anasema kwenye picha umenenepa na umependeza. Mungu awafunike huko mliko, awape usingizi mzuri na chakula kisichopungua.

Mpigie Mjomba kabla ya Jumapili, Mama Mdogo. Mwambie nyumba ina mtu. Na kile kitanda usikikunje: nitakuja Krismasi nikilalie siku chache, halafu mnisindikize stendi, nirudi kwangu.

Ni mimi mwanao, nikupendaye na kuingoja simu yako,

Lucimara