Grafu ya Chebet

Jumatano jioni, Munyaka

Chebet alikuwa sahihi. Muhula uliopita nilimpa sufuri kwa sababu grafu yake ilikatika pale x ni 2: mstari mmoja uliishia kwenye kidoti kilichojazwa, mwingine ukaanzia juu yake kwa kiduara kitupu. Nilimwambia mbele ya darasa, "Nani alikufunza kukata grafu? Unganisha!"

Leo nikiandaa somo nimekuta mfano kama wake kitabuni. Kanuni ya grafu ikibadilika katikati, mstari unaweza kuruka.

Saa ya chai nilimtafuta, nikamwomba msamaha.

"Ni sawa, Mwalimu," alisema. "Lakini niliacha hesabu. Niliona kichwa yangu haishiki."

Alitabasamu kwa heshima, akaenda zake. Kichwa chake kilishika vizuri. Changu ndicho ambacho hakikushika.