Bibo la Bluu

Masasi Mjini,
Jumamosi.

Kwa dada yangu mpendwa, Mama Furaha,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Kitangari, wewe, shemeji na Furaha, na kwamba maji hamyafuati tena mbali kama mwezi uliopita. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio una homa.

Homa yenyewe inaitwa Bwanali. Ni yule kijana wa Makote niliyekuambia kuwa Mzee Silvesta amemwajiri kwenye karakana yetu ya mabango ya taa. Mimi nipo hapa tangu tunauza balbu, lakini wateja wakija wanamwita yeye fundi, mimi dada wa kompyuta. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji nazidi kuugua. Hata kicheko chake akiwa anakula chapati kinaniudhi.

Basi chama cha wakulima kikataka bango kwenye ghala la hapa Masasi, lioneshe bibo jekundu na korosho yake. Likipendeza, wangetupa na kazi kubwa ya Newala. Mzee akampa Bwanali kazi zote mbili. Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

Kazi yetu ni hivi: picha ya simu ina rangi mamilioni, bango linabeba chache tu. Kwa hiyo tunaandika programu ya Python inayopunguza nyekundu, kijani na bluu ya kila nukta, kisha inazipanga kwa mfuatano ambao bango linausoma. Ukikosea mfuatano, nyekundu na bluu hubadilishana viti.

Siku ya kuwasha, bibo likatoka bluu. Ghala zima likacheka. Mkulima mmoja wa Lupaso akauliza kama hilo limezidishiwa salfa ya kupulizia mikorosho. Bwanali akainama, akasema kosa ni lake. Chama kikakubali kutuachia Newala ikiwa fundi atabadilishwa, Mzee akamnyang'anya Bwanali kazi hiyo akanipa mimi. Ndiyo, dada, kazi niliyoililia sasa ni yangu.

Lakini nikuambie na lililobaki. Programu ile niliiandika mimi, kwa mabango ya zamani yanayoanza na bluu. Bwanali aliniuliza kama inafaa kwa bango jipya. Nilijua haifai. Nikamwambia iko sawa, aiweke tu. Jioni ile baada ya aibu aliuona mstari wa programu wenye kosa, akaja kunionesha mimi peke yangu, akasema kwa upole kwamba labda nilisahau. Sikusahau, dada. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ya Bwanali ni mimi. Tena roho yangu ilivyo mbaya, nikamwonea wivu hata kwa upole ule. Mzee Silvesta bado sijamwambia. Nimeanza na wewe.

Jumatatu tunakuja Newala, hapo karibu na kwenu, kuwasha bango. Bibo litakuwa jekundu. Najua utakuja na kitenge chako kipya, utake kunipigia vigelegele mbele za watu. Usinipigie. Mimi nitakuwa juu ya ngazi, na Bwanali ndiye atakayeishika chini. Vigelegele mpigie yeye.

Msalimie sana shemeji, na Furaha mwambie mama yake mdogo anamkumbuka.

Mdogo wako, fundi kwa jina tu,
Severina