Mawimbi ya Mama Mkwe

Shosti, uko wapi? Leo nimeumbuka, nimeumbuka hasa!

Unakumbuka jana nilivyompigia mama mkwe kumzuia asije, maana nyumba yangu ilivyo shaghalabaghala unaijua? Nikamwambia bahari imechafuka, wiki nzima mawimbi yatakuwa marefu kama nyumba, boti hazisafiri. Akaitikia kwa upole, "Haya mwanangu, nitangoja."

Nikalala usingizi mtamu.

Leo asubuhi nimeingia studio kama kawaida, nikasoma utabiri kwa ile sauti yangu ya redioni: "Wiki hii yote bahari itakuwa shwari, upepo hafifu. Hata vyombo vidogo vinaweza kusafiri bila wasiwasi."

HATA VYOMBO VIDOGO, shosti! Kwa mdomo wangu mwenyewe!

Na yule mama nikiwa hewani huwa anaita mpaka majirani waje wamsikilize mkwe wake!

Hata zamu yangu studio haijaisha, simu hiyo inaita. Wala hakugomba. Anacheka! "Mwanangu, nimekusikia. Umesoma vizuri sana."

Nikaanza kujiumauma, eti bahari imetulia ghafla usiku.

Akanikatiza, "Usihangaike. Nimeshapanda boti. Hayo mawimbi nakuja nayo mimi."